Haki ya Mtoto Mchanga Isifungiwe Ndani ya Fomu

Mtoto anapozaliwa, jambo la kwanza linaloulizwa na jamaa na majirani ni kama mama na mwana wako salama. Katika nchi ya Marekani yapo maswali mengine mawili ambayo huulizwa na serikali, nayo huulizwa kimya kimya kwa njia ya karatasi: mtoto huyo amezaliwa tarehe ngapi, na je, amekwisha kupewa namba? Katika miaka ya 2020 na 2021 majibu ya maswali hayo yaliamua kama familia yenye mtoto mchanga ingepata dola 1,100, au dola 1,400, au ingetoka mikono mitupu.

Jambo hilo laweza kuonekana kuwa la makarani na wahasibu peke yao. Sivyo. Ndani yake limo swali zito linaloihusu kila serikali inayodai kuwajali watoto wake: je, haki ya mtoto inatokana na kuzaliwa kwake, au inatokana na ujuzi wa mzazi wake wa kujaza fomu?

CHIMBUKO LA MALIPO

Ugonjwa wa korona ulipoingia Marekani mwanzoni mwa mwaka 2020, viwanda, maduka na mikahawa ilifungwa, na mamilioni ya wafanyakazi wakapoteza kazi kwa muda wa majuma machache tu. Tarehe 27 Machi, 2020, Rais Donald Trump alitia sahihi sheria iliyotoa dola 1,200 kwa kila mtu mzima na dola 500 kwa kila mtoto aliye chini ya umri wa miaka 17. Tarehe 27 Desemba mwaka huo huo ikafuata sheria ya pili, iliyotoa dola 600 kwa mtu mzima na dola 600 kwa mtoto. Sheria ya tatu ilitiwa sahihi na Rais Joe Biden tarehe 11 Machi, 2021. Hiyo ilitoa dola 1,400 kwa kila mtu, pamoja na kila mtegemezi wake, awe mtoto mchanga au mzee.

Malipo kamili yaliwekewa mpaka wa pato: dola 75,000 kwa mwaka kwa mtu asiye na ndoa, dola 112,500 kwa mtu anayeongoza nyumba peke yake, na dola 150,000 kwa mume na mke wanaotoa hesabu zao pamoja. Waliozidi mipaka hiyo walipunguziwa kadiri pato lao lilivyopanda, hadi wakafika mahali ambapo hawakupata kitu.

Kisheria fedha zile hazikuwa sadaka. Zilikuwa ni unafuu wa kodi uliolipwa mapema. Wala haukuwa unafuu wa aina ile inayomfaa tu mtu mwenye kodi kubwa ya kukatwa. Ulikuwa ni unafuu unaorejeshwa. Maana yake ni kwamba hata mtu asiyedaiwa kodi hata senti moja alistahili kupewa fedha zake taslimu. Malipo mawili ya kwanza yalikuwa ni unafuu wa mwaka wa kodi 2020, na malipo ya tatu yalikuwa ni unafuu wa mwaka wa kodi 2021.

PENGO LILIPOTOKEA

Kasoro ilianzia hapo. Serikali ilitaka kupeleka fedha upesi, lakini hesabu za mwaka 2020 zisingeweza kujulikana kabla mwaka huo haujakwisha. Kwa hiyo Idara ya Mapato ilifungua vitabu vya zamani. Kwa malipo ya kwanza ilitazama ritani za mwaka 2018 au 2019. Kwa malipo ya pili ilitazama ritani za mwaka 2019. Na kwa malipo ya tatu ilitazama ritani za mwaka 2019 au 2020.

Kitabu cha zamani hakiwezi kuwa na jina la mtu ambaye hajazaliwa. Mtoto aliyezaliwa mwezi Juni, 2020, hakuwamo katika ritani yoyote iliyokuwa imepelekwa. Wazazi wake walipata dola 2,400 na baadaye dola 1,200 za kwao wenyewe, lakini sehemu ya mtoto, yaani dola 500 na dola 600, haikuja. Vivyo hivyo mtoto aliyezaliwa mwezi Agosti, 2021, hakupata dola zake 1,400 wakati wenzake waliomtangulia kuzaliwa walipokuwa wamekwisha kulipwa.

Watunga sheria waliliona pengo hilo, nao waliweka dawa yake. Walisema kwamba stahili ya mwisho itapimwa kwa hali ya mwaka wenyewe, wala si kwa hali ya mwaka uliopita. Mzazi aliyepata mtoto mwaka 2020 aliruhusiwa kudai dola 1,100 katika ritani ya mwaka huo, kwenye mstari wa 30 wa fomu 1040. Aliyepata mtoto mwaka 2021 aliruhusiwa kudai dola 1,400 katika ritani ya mwaka 2021, iliyopelekwa mwaka 2022. Na kama hali ya familia ilibadilika kwa upande mwingine, kwa mfano pato likaongezeka au mtoto akavuka umri, haikutakiwa kurudisha ziada iliyokwisha kulipwa.

Hapana budi kukiri kwamba huo ulikuwa ni utaratibu wenye huruma. Sheria nyingi za kodi humshika mlipaji pande zote mbili; hii ilimpa mwananchi faida ya shaka. Lakini dawa hiyo ilikuwa na sharti moja lililoonekana dogo, nalo ni kwamba mzazi alipaswa kujua kuwa dawa ipo, na kuifuata mwenyewe.

KUZALIWA KABLA YA SAA SITA YA USIKU

Hebu itazamwe mifano miwili. Mtoto wa kwanza azaliwa tarehe 31 Desemba, 2021, dakika kumi kabla ya saa sita ya usiku. Mtoto wa pili azaliwa katika hospitali ile ile, dakika kumi baada ya saa sita. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, mtoto wa kwanza huhesabiwa kuwa ameishi na wazazi wake mwaka mzima wa 2021. Yeye anastahili dola 1,400 za malipo ya korona. Aidha, anastahili dola 3,600 za unafuu wa mtoto uliopanuliwa kwa mwaka huo mmoja. Jumla yake ni dola 5,000. Mtoto wa pili, aliyekuja duniani dakika ishirini baadaye, hapati hata senti moja ya malipo ya korona, na unafuu wake wa mtoto kwa mwaka 2022 hauzidi dola 2,000.

Kila sheria ina mpaka wake, na mpaka lazima uwekwe mahali fulani. Hapana mtu mwenye akili atakayelaumu kalenda. Jambo la kulaumiwa ni kwamba mtoto yule wa kwanza, aliye ndani ya mpaka na mwenye haki yake kamili, aliweza pia kukosa kila kitu kwa sababu tu wazazi wake hawakupeleka ritani.

NI NANI ASIYEPELEKA RITANI?

Si tajiri. Tajiri ana mhasibu wake, na mhasibu hasahau mstari hata mmoja. Asiyepeleka ritani mara nyingi ni yule ambaye sheria yenyewe imemwambia hana haja ya kupeleka. Kwa mwaka 2020 mtu asiye na ndoa aliyekuwa na pato chini ya dola 12,400, na mume na mke waliokuwa na pato chini ya dola 24,800, kwa kawaida hawakulazimika kupeleka ritani yoyote. Miaka yote wamezoea kwamba karatasi za kodi si shughuli yao. Ghafula ukaja mwaka ambao kukaa kimya kulimaanisha kumnyima mtoto wao haki yake.

Idara ya Mapato ilijitahidi. Mwezi Aprili, 2020, ilifungua njia fupi kwa wasiopeleka ritani ili waandike majina yao na ya watoto wao, na njia hiyo ilibaki wazi hadi tarehe 21 Novemba. Lakini njia hiyo ilihitaji kompyuta au simu ya kisasa, ilihitaji kusoma maelekezo, na zaidi ya hayo ilihitaji habari zenyewe kumfikia mhusika.

Wamo pia wasemaji wa Kiswahili. Maelfu ya wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo wamepewa makao nchini Marekani katika miaka ya karibuni, na wengi wao hutumia Kiswahili nyumbani na kanisani. Mkimbizi aliyepokewa rasmi hupewa namba ya hifadhi ya jamii, na akitimiza masharti mengine alistahili malipo haya sawa na mwenyeji. Lakini mama aliyejifungua akiwa na mwaka mmoja tu katika mji mgeni, ambaye hata Kiingereza cha dukani bado kinampiga chenga, angejuaje kwamba mwanawe ana dola 1,400 zinazomngoja katika mstari wa 30 wa fomu 1040? Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Waliotunga fomu hiyo hawakuwahi kuisoma kwa macho ya mama huyo.

HOJA YA UDANGANYIFU

Wako wanaojibu kwamba serikali haina budi kudai karatasi, kwa kuwa pasipo karatasi wadanganyifu watajaza watoto wa hewa. Hoja hiyo haistahili kupuuzwa, maana historia yenyewe inaiunga mkono. Kabla ya mageuzi ya kodi ya mwaka 1986, mlipa kodi wa Marekani aliandika tu majina ya wategemezi wake naye akaaminiwa. Sheria ilipodai namba ya hifadhi ya jamii kwa kila mtegemezi aliyezidi umri wa miaka mitano, wategemezi wapatao milioni 7 walitoweka katika ritani za mwaka uliofuata. Wengine walikuwa wamehesabiwa na wazazi wawili waliotengana, kila mmoja kwa upande wake. Wengine hawakuwahi kuzaliwa kabisa.

Kwa hiyo namba ni lazima. Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho wake, inawageukia wenyewe wanaoitoa. Ni nani anayetoa namba hiyo? Ni serikali. Mama wa Kimarekani anapojifungua hospitalini huulizwa, pamoja na maelezo ya cheti cha kuzaliwa, kama angependa mtoto aombewe namba. Akikubali, namba hiyo hutumwa nyumbani kwa posta. Serikali imekwisha kujua jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na majina ya wazazi wake. Serikali inayompa mtoto namba haiwezi tena kudai kwamba haimjui.

Yasemwa vile vile kwamba cheti cha kuzaliwa hakionyeshi ni mzazi yupi anayeishi na mtoto, na kwamba wazazi wakitengana, idara yaweza kumlipa asiye mlezi. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu mtoto mmoja hawezi kudaiwa na watu wawili katika mwaka mmoja. Lakini ugomvi wa baadhi ya wazazi hauwezi kuwa sababu ya kuwanyamazia wazazi wote. Palipo na ubishi pawepo na uchunguzi. Pasipo na ubishi pawepo na malipo. Kwa uchache kabisa, kila familia iliyopata mtoto ingeweza kuandikiwa barua moja yenye maneno mepesi kuieleza stahili ya mtoto wao.

KARATASI ZA MZAZI NA HAKI YA MWANA

Lipo jambo jingine ambalo linaonyesha wazi zaidi mvutano kati ya mtoto na karatasi. Sheria ya kwanza, ile ya Machi 2020, ilisema kwamba mume na mke wakitoa hesabu pamoja na mmoja wao akawa hana namba ya hifadhi ya jamii, basi nyumba nzima isipate kitu, isipokuwa kama mmoja wao ni askari. Mtoto aliyezaliwa Marekani, raia kamili kwa Katiba ya nchi, alinyimwa dola 500 zake kwa sababu ya baba au mama.

Sheria ya pili, ya Desemba 2020, ilirekebisha jambo hilo: mzazi mwenye namba na watoto wenye namba wakaruhusiwa kupata, hata kwa malipo yale ya kwanza. Sheria ya tatu, ya Machi 2021, ilikwenda mbele zaidi. Ilikubali kwamba hata kama wazazi wote wawili hawana namba, mtoto aliye nayo apate dola zake 1,400. Katika muda wa mwaka mmoja tu, haki ya mtoto ikawa imetenganishwa hatua kwa hatua na karatasi za wazazi wake.

Ni jambo la kusikitisha kwamba mwendo huo haukudumu. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai, 2025, iliongeza unafuu wa kawaida wa mtoto kutoka dola 2,000 hadi dola 2,200, lakini papo hapo ikaweka sharti kwamba angalau mzazi mmoja naye awe na namba ya hifadhi ya jamii. Kabla ya hapo namba ya mtoto ilikuwa inatosha. Mkono mmoja ukaongeza dola 200, na mkono wa pili ukamfungia mlango mtoto ambaye hakuchagua wazazi wake.

MLANGO KUFUNGWA

Kwa mujibu wa sheria ya kodi ya Marekani, mwenye kudai marejesho hupewa muda wa miaka mitatu. Kwa hiyo mlango wa malipo ya mwaka 2020 ulifungwa tarehe 17 Mei, 2024, na mlango wa malipo ya mwaka 2021 ukafungwa tarehe 15 Aprili, 2025. Fedha zisizodaiwa zikabaki Hazina.

Kabla ya mlango wa pili kufungwa, Idara ya Mapato ilifanya jambo la kusifiwa. Mwezi Desemba, 2024, ilitangaza kwamba ilikuwa imepitia vitabu vyake na kuona walipa kodi wapatao milioni 1 waliokuwa wamepeleka ritani ya mwaka 2021 lakini wakauacha mstari wa unafuu huo wazi, au wakaandika sifuri, ilhali walistahili. Idara haikuwangoja waje kudai. Iliwapelekea fedha zao, jumla ya dola bilioni 2.4 hivi.

Kitendo hicho kinathibitisha ukweli mmoja: serikali ikitaka, inaweza kumtafuta mwenye haki yake badala ya kumngoja. Lakini kinaonyesha pia upungufu uliobaki. Waliopelekewa ni wale tu waliokuwa wamekwisha kupeleka ritani. Yule mzazi maskini asiyelazimika kupeleka ritani, ambaye ndiye aliyekuwa mhitaji kuliko wote, aliendelea kungojwa hadi mlango ukafungwa. Wahenga walinena kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Hapa mwana ni wake, lakini haki ya mwana haipo tena.

FUNZO LA TARAKIMU

Wapo watakaouliza kama dola elfu moja au mbili zinaweza kubadili chochote katika nchi tajiri kama ile. Jibu limo katika hesabu za Idara ya Sensa ya Marekani. Kwa kipimo kinachohesabu pia misaada ya serikali na unafuu wa kodi, watoto waliokuwa katika umaskini mwaka 2020 walikuwa asilimia 9.7. Mwaka 2021, mwaka wa malipo ya tatu na wa unafuu wa mtoto uliopanuliwa, nusu yake ikilipwa kila mwezi kuanzia Julai, kiasi hicho kilishuka hadi asilimia 5.2. Mipango hiyo ikakoma. Mwaka 2022 kiasi kikapanda hadi asilimia 12.4, na mwaka 2023 kikafika asilimia 13.7.

Watoto hawakuwa wavivu mwaka 2022 kuliko mwaka 2021, wala wazazi wao hawakupoteza akili katika muda wa miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni sheria. Na ikumbukwe kwamba Marekani haina sheria ya taifa inayompa mama mzazi likizo yenye malipo. Sheria ya mwaka 1993 huwapa baadhi ya wafanyakazi majuma 12 bila mshahara. Kwa mama wa namna hiyo, dola 1,400 zaweza kuwa ni kodi ya nyumba ya mwezi, au maziwa na nepi za miezi kadhaa, au nafasi ya kukaa na mtoto majuma machache zaidi kabla ya kurudi kazini.

Wenye kutunga sheria za kodi, huko Marekani na penginepo, wana mambo matatu ya kujifunza. Kwanza, pale serikali inapokuwa na habari za mtoto mkononi, yenyewe ndiyo ibebe kazi ya kumtafuta, wala si mzazi aliyetoka kujifungua. Pili, stahili ya mtoto ipimwe kwa mtoto mwenyewe, si kwa karatasi za baba na mama. Tatu, muda wa kudai haki ya mtoto usihesabiwe kama muda wa kudai ziada ya mfanyabiashara, kwa maana mtoto hana mdomo wa kudai, na aliyepewa kazi ya kudai kwa niaba yake huenda hajapata hata habari.

Na wazazi wenyewe wasilale. Unafuu wa kawaida wa mtoto ungalipo, na muda wa miaka mitatu ungali unahesabiwa kwa kila mwaka wa kodi. Familia iliyopata mtoto, hata kama pato lake ni dogo kiasi cha kutolazimika kupeleka ritani, ina sababu ya kuuliza kama ipo stahili iliyobaki, na kuuliza mapema.

Lakini kuwahimiza wazazi hakuiondolei serikali wajibu wake. Mtoto mchanga hajui kusoma fomu, hajui mstari wa 30, wala hajui tarehe ya mwisho. Anajua kulia tu. Serikali iliyo njema husikia kilio hicho kabla ya kuuliza namba.